Philipp Melanchthon, Mwalimu wa Vijana

Jina la Philipp Melanchthon si geni kwenu. Wengi waliofundishwa katika sharika zetu wamesikia kwamba ndiye aliyeandika Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano tarehe 25 Juni mwaka 1530. Lakini tukiisha kusema hayo, mara nyingi tumemaliza habari zake. Twamjua kama mtu aliyesimama nyuma ya Luther akiwa na kalamu mkononi. Mwezi huu twataka kumweleza kwa upande mwingine, ambao watu wa nchi yake waliuona kuwa mkubwa mno, hata wakampa jina la Mwalimu wa Ujerumani. Maana kazi yake ya kila siku, kwa miaka zaidi ya 40, ilikuwa kuwafundisha vijana.

Nasi tuna sababu ya kumtazama hapo. Katika sharika zetu wako walimu wa Injili, na wazee, na wazazi, ambao jioni huketi na vijana wa sekondari kuwasaidia masomo yao. Wako tena wanaofundisha vijana wa kipaimara. Mara nyingi twawasikia wakiulizana, ni kwa njia gani kijana avutwe apende kujifunza, maana kumlazimisha akae kitini si kumfundisha. Basi na tumwangalie mtu huyu jinsi alivyofanya, mahali alipofanikiwa na mahali aliposhindwa pia.

Alizaliwa tarehe 16 Februari mwaka 1497 katika mji mdogo wa Bretten, upande wa kusini wa Ujerumani. Baba yake, Georg Schwartzerdt, alikuwa mfua silaha, fundi mwenye sifa kwa wakuu wa nchi. Kwa ajili ya kazi hiyo alisafiri sana, kisha akashikwa na ugonjwa uliomdhoofisha miaka mingi. Kwa hiyo malezi ya watoto yalikuwa zaidi mikononi mwa babu yao mzaa mama, Johann Reuter, mfanya biashara na mkuu wa mji ule. Mzee huyu alijua thamani ya elimu. Alipoona ya kuwa mwalimu wa shule ya mji ana ugonjwa mbaya wa kuambukiza, hakutaka wajukuu wake waende kwake. Akamtafuta kijana mmoja aitwaye Johannes Unger, akamweka nyumbani awe mwalimu wao.

Unger alimpa Philipp kila siku mistari 20 au 30 ya mashairi ya Kilatini, akamtaka aeleze kila neno limewekwa hapo kwa sababu gani na limeungana na lipi. Hakumwachia kuruka neno. Mtoto akikosea alipigwa, lakini kwa kiasi. Desturi ya zamani ile ilikuwa hivyo, wala hakuna aliyeishangaa. Ila Philipp alipokuwa mtu mzima, naye amekuwa mwalimu wa walimu, alipomkumbuka Unger hakutaja fimbo kuwa ndiyo iliyomfundisha. Alisema ya kuwa mtu yule alimpenda kama mwana, naye alimpenda kama baba, na kwamba alitumaini kuonana naye katika uzima wa milele. Twaona hapa jambo la kwanza. Mtoto husahau mistari mingi aliyofundishwa, lakini hasahau kama mwalimu wake alimpenda au hakumpenda.

Babu naye alikuwa na njia yake. Siku zile wanafunzi wakubwa walizunguka nchi, wakienda mji hata mji kutafuta shule. Walipopita Bretten, mzee Reuter aliwaita, akamweka mjukuu wake mbele yao abishane nao katika Kilatini. Mtoto alikuwa mdogo wa mwili, tena ulimi wake ulikuwa na kigugumizi kidogo. Lakini aliwashinda wengi, na mzee akafurahi kupita kiasi. Huenda wengine watasema ya kuwa ni kumfundisha mtoto majivuno. Sisi twaona zaidi ya kuwa mzee alimfanya mtoto ajue kwamba alichojifunza chumbani kina kazi mbele ya watu. Kijana asiyeona matumizi ya somo lake hulibeba kama mzigo wa mtu mwingine.

Mwaka 1508, mwezi wa Oktoba, babu alikufa, na baada ya siku chache tu baba naye akafa. Philipp alikuwa na miaka 11. Akapelekwa mji wa Pforzheim, akakaa kwa Elisabeth, dada ya Johannes Reuchlin, mtaalamu mkubwa wa Kiebrania na Kiyunani, aliyekuwa jamaa yao. Mwalimu wa shule ya pale, Georg Simler, aliwafundisha wote Kilatini. Lakini wale wachache aliowaona kuwa na hamu aliwachukua kando, akawafundisha Kiyunani, lugha ambayo wakati ule watu wachache sana wa Ujerumani waliijua. Philipp alikuwa mmoja wao.

Reuchlin alipokuja kumtembelea dada yake alimpima mtoto huyu, akampa kitabu cha sarufi ya Kiyunani, na siku moja kwa mzaha akamvika kofia yake ndogo nyekundu ya udaktari. Mtoto hakukaa bure. Mgeni aliporudi tena, alikuta Philipp na wenzake wamejifunza kwa moyo mchezo wa Kilatini uliotungwa na Reuchlin mwenyewe, wakauigiza mbele yake. Ndipo mwezi wa Machi mwaka 1509 Reuchlin akampa jina jipya, kama ilivyokuwa desturi ya wasomi. Schwartzerdt maana yake ni udongo mweusi. Akaligeuza kwa Kiyunani, likawa Melanchthon. Mtoto yatima wa miaka 12 akapokea jina la kisomi kabla hajawa msomi, na tangu siku ile akaishi kana kwamba ana deni la kulilipa.

Mwaka ule ule aliingia chuo kikuu cha Heidelberg, na mwaka 1511 akapata shahada ya kwanza. Alipokuwa bado kijana hivyo, alipewa kazi ya kuwafundisha wana wawili wa mkuu mmoja wa Löwenstein. Basi alianza kuwa mwalimu wa nyumbani katika umri ambao vijana wetu wako kidato cha kwanza. Mwaka 1512 aliomba shahada ya pili, akakataliwa kwa sababu ya umri wake na umbo lake la kitoto. Hakuketi kulia. Alihamia Tübingen, akajifunza hesabu, elimu ya nyota, sheria na uganga, akasahihisha vitabu katika nyumba ya mpiga chapa, akawafundisha vijana waliokaa bwenini. Mwaka 1514 akapata ile shahada, na mwaka 1518 akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiyunani.

Mwaka huo huo mtawala wa Saxony, Friedrich, alikuwa akitafuta mwalimu wa Kiyunani kwa chuo chake cha Wittenberg. Reuchlin alimtaja jamaa yake. Tarehe 25 Agosti mwaka 1518 Melanchthon akafika, mtu wa miaka 21, mfupi, mwembamba, mwenye sauti dogo. Wakuu wa chuo walimtazama, wakatazamana. Lakini siku nne hazijapita, tarehe 28, alisimama kutoa hotuba yake ya kwanza, naye aliihutubu juu ya kutengeneza masomo ya vijana. Alionyesha ya kuwa vijana wanalishwa maelezo ya maelezo, wala hawafikishwi kwenye chemchemi zenyewe. Wafundishwe lugha, wasome vitabu vya kwanza kwa macho yao wenyewe, wajifunze historia na hesabu, nao watayaona mambo yanavyong'aa. Alipomaliza, walioshuku waliacha kushuku. Luther alikuwapo, akamwandikia rafiki yake ya kuwa wote wamesahau umbo la mtu huyu na kumstaajabia. Tangu siku ile wawili hao walifungamana. Luther alijifunza Kiyunani zaidi kwake, na Agano Jipya la Kijerumani lilipopigwa chapa mwezi wa Septemba mwaka 1522, Melanchthon alikuwa amelipitia pamoja naye.

Sasa twafika kwenye habari ambayo watu wengi hawaijui. Chumba chake cha chuo kilijaa wanafunzi waliotoka mbali. Lakini alitambua ya kuwa wengi wa vijana hao walikuja hawajawa tayari. Walijua kukariri, hawakujua kufikiri; waliweza kutaja kanuni ya sarufi, lakini hawakuweza kuandika barua. Mwalimu mwingine angaliwalaumu waalimu wa nyuma, akaendelea na kazi yake. Yeye alifungua shule katika nyumba yake mwenyewe, akaiendesha kwa muda wa miaka kama 10. Alikuwa ameoa mwezi wa Novemba mwaka 1520, mke wake Katharina Krapp, binti wa mkuu wa mji. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa gulden 100 kwa mwaka, wala haukuongezwa kuwa 200 mpaka mwaka 1526. Nyumba ile ndogo ilijaa watoto wa kwake na wanafunzi, nayo ilitunzwa kwa uaminifu na mtumishi wake Johannes Koch, aliyekaa naye zaidi ya miaka 30.

Alifundishaje? Kwanza, alianza chini. Kwa ajili ya wadogo aliandika kitabu cha kwanza cha kusomea, chenye herufi, Sala ya Bwana, Imani, Amri Kumi, na sehemu za Maandiko. Mtu aliyekwisha kuandika kitabu kikuu cha kwanza cha mafundisho ya imani ya Kiinjili, mwaka 1521, hakuona aibu kuandika kitabu cha alfabeti. Pili, kanuni zake zilikuwa chache na mifano yake mingi. Alimpa kijana kanuni ya kumtosha kuendelea, kisha akampeleka upesi kwenye kitabu kizuri, ili aione kanuni ile ikifanya kazi. Sarufi yake ya Kilatini, iliyotolewa mwaka 1525 na kutumika katika shule nyingi sana, mwanzo wake ni maandishi aliyomtengenezea mvulana mmoja tu, Erasmus Ebner wa Nürnberg. Alimtazama mtoto aliyekaa mbele yake, akaandika kwa kadiri ya haja yake. Na kilichomfaa mmoja kikawafaa maelfu.

Tatu, aliwafanya vijana watende. Kila juma waliandika barua au shairi. Aliyefanya vizuri kupita wengine alitangazwa kuwa mfalme wa nyumba, akavikwa taji iliyosukwa kwa majani mabichi. Nasi twaweza kumwona kijana huyo akiketi mezani na taji yake, naye mwenzake akimtazama na kusema moyoni, juma lijalo ni langu. Taji hiyo haikuwa na gharama. Majani yake yalinyauka, ikapasa nyingine isukwe. Wala hakuna aliyekuwa mfalme siku zote, wala aliyekatazwa kuwa mfalme. Tena waliigiza michezo ya watungaji wa kale wa Kirumi na Kiyunani, naye Melanchthon mwenyewe akawatungia maneno ya kufungulia mchezo. Bila shaka alikumbuka siku ile ya Pforzheim. Mwalimu mwema huwapa wanafunzi wake kile kilichomfurahisha yeye alipokuwa mwanafunzi.

Lakini msidhani ya kuwa kazi yake ilikuwa taji na michezo tu. Katika majira ya mwaka 1521 na 1522, Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, walitokea wahubiri katika Wittenberg waliosema ya kuwa elimu haina haja tena. Roho wa Mungu, walisema, huwafundisha wajinga. Wazazi wawatoe watoto wao shuleni, wakafundishwe kazi za mikono. Shule ya watoto ya mji ikafungwa. Wanafunzi wa chuo wakapungua. Katika miaka iliyofuata Melanchthon alipotaka kufasiri hotuba za Demosthenes, alipata wasikilizaji 4 tu. Mtu aliyekuwa amezoea chumba kilichojaa mpaka mlangoni akaingia akaona vichwa 4.

Hapo ndipo moyo wa mwalimu hupimwa. Melanchthon alihuzunika, wala hakuificha huzuni yake. Aliandika hata hotuba juu ya taabu za waalimu, jinsi wanavyovuta kazi kama punda, na shukrani wasiione. Nasi tunaofundisha twamwelewa. Nani kati yetu hajafika jioni mahali pa kufundishia, akakuta vijana watatu, na mmoja wao amesinzia? Lakini aliwafundisha wale 4. Tena alipokuwa mkuu wa chuo, majira ya baridi ya mwaka 1523 na 1524, hakutafuta kuwavuta watu kwa kelele. Alitengeneza jambo la ndani. Aliagiza kila kijana aingiaye chuoni awe na mwalimu wa kumwongoza yeye binafsi, wa kumwambia ni masomo gani ayashike kwanza na yapi ayangoje, ili asipotee katika wingi. Akaagiza pia vijana watoe hotuba zao wenyewe mbele ya wenzao, wasikae siku zote wakisikiliza tu. Mwaka 1524 Luther naye aliwaandikia wakuu wa miji yote ya Ujerumani wajenge shule za Kikristo, na polepole upepo ukageuka.

Mji wa Nürnberg uliitikia. Wakuu wake walijenga shule ya juu kwa ajili ya vijana waliomaliza shule za chini na hawajafika chuo kikuu, yaani kwa hakika ni shule ya sekondari kama tunazozijua leo. Wakamwomba Melanchthon awe mkuu wake, kwa mshahara mzuri. Akakataa, maana hakutaka kuiacha Wittenberg. Lakini aliwasaidia kuipanga, akawatafutia waalimu, miongoni mwao rafiki yake Joachim Camerarius. Tarehe 23 Mei mwaka 1526 alisimama kuifungua. Aliwaonyesha wenyeji ya kuwa ukuta wa mawe na silaha haviulindi mji kama raia wenye elimu na adabu waulindavyo. Shule ile ilipata shida miaka ya kwanza, wala wanafunzi hawakuwa wengi. Hata hivyo haikufa, na mpaka leo mjini Nürnberg iko shule yenye jina la Melanchthon.

Mwaka 1527 alitumwa pamoja na wengine kuzizungukia sharika za Saxony. Waliyoyaona yaliwaumiza: wachungaji wasiojua cha kufundisha, na watoto wasiojua hata Sala ya Bwana. Mwaka 1528 maagizo aliyoandika kwa ajili ya wakaguzi yalipigwa chapa, na ndani yake mna utaratibu wa shule. Watoto wagawanywe makundi 3. Kundi la kwanza wajifunze kusoma, na kila jioni wapewe maneno machache ya kukumbuka. Kundi la pili wajifunze sarufi, pamoja na hadithi za Aesop, na saa ya kwanza baada ya adhuhuri wote waimbe. Kundi la tatu, ambao ni hodari kupita wengine, wasome watungaji wakubwa, kisha elimu ya kufikiri kwa taratibu na elimu ya usemaji. Siku moja katika juma iwe ya mafundisho ya Kikristo.

Katika utaratibu huo mna onyo ambalo twataka kila mwalimu alisome mara mbili. Alisema ya kuwa wako waalimu wanaowabebesha watoto vitabu vingi na lugha nyingi, si kwa faida ya watoto, bali kwa ajili ya kujipatia sifa wenyewe. Neno hili likawaguse na wale wanaowafundisha vijana baada ya saa za shule. Mwalimu akimaliza sura tatu kwa jioni moja, wazazi humsifu. Lakini kijana amechukua nini nyumbani? Heri ukurasa mmoja aliouelewa, maana haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai hata ukimimina pishi.

Sasa yatupasa kusema na mahali aliposhindwa, maana habari ya mtu isiyo na kivuli si habari ya kweli. Melanchthon aliwapenda watoto wake sana. Mgeni mmoja alimkuta akiwa na kitabu katika mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akikitikisa kitanda cha mtoto mchanga. Binti yake mkubwa, Anna, aliyezaliwa mwaka 1522, siku moja akiwa mdogo alimkuta baba yake akilia, akamfuta machozi kwa nguo yake. Naye baba hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1529 alifiwa na mwanawe mdogo Georg.

Basi kati ya vijana waliokaa nyumbani kwake alikuwako mmoja aitwaye Georg Sabinus, aliyefika akiwa na miaka kama 15. Alikuwa na akili nyepesi na kipawa kikubwa cha kutunga mashairi ya Kilatini. Mwalimu alikifurahia kipawa hicho. Mwaka 1536 akamwoza binti yake Anna, naye Anna alikuwa na miaka 14 tu. Ndoa ile haikuwa na amani. Sabinus alitafuta ukuu na makao ya wakuu, akamchukua mkewe mbali mpaka Königsberg, ambako alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo kipya. Na huko Anna akafa mwaka 1547, akiwa hajatimiza miaka 25. Baba yake alijilaumu, akabeba huzuni hiyo mpaka mwisho wake, na baadhi ya wajukuu wakalelewa nyumbani kwake.

Hatumhukumu. Twaogopa tu, maana kosa lile liko karibu nasi. Mwalimu akimwona kijana mwenye akili, macho yake hutiwa kiwi. Humsifu kwa majibu yake, wala hamwulizi anavyowatendea wadogo zake. Taji ya majani hupewa shairi zuri. Lakini haiwezi kupima moyo wa aliyelitunga. Na binti wa miaka 14 ni mtoto. Wako bado wazazi wanaomtoa mtoto kama huyo shuleni ili aolewe, na mara nyingine mwoaji amesifiwa kwao kuwa kijana msomi. Na wakumbuke machozi ya mwalimu huyu mkubwa, ambaye elimu yake yote haikumsaidia kurudisha siku moja ya maisha ya Anna.

Mwaka ule ule wa 1547 vita viliingia Saxony. Luther alikuwa amekwisha kufa mwezi wa Februari mwaka 1546. Mtawala wao akashindwa, Wittenberg ikatiwa mikononi mwa adui, chuo kikafungwa, na Melanchthon akatangatanga na jamaa yake. Vita vilipokoma, wana wa mtawala yule aliyeshindwa walitaka aende kwao kuanzisha chuo kipya. Lakini chuo cha Wittenberg kilikuwa kimefungwa, na mtawala mpya alikuwa radhi kukijenga. Akarudi pale, akakusanya tena waalimu na wanafunzi. Wengi wakamlaumu. Lawama ikazidi alipokubali katika mambo ya ibada maneno ambayo wengine waliyaona kuwa ni kulegea mbele ya Kaisari. Mmoja wa waliompinga kwa ukali kupita wote alikuwa Matthias Flacius. Huyu alifika Wittenberg kijana, mgeni, mwenye dhiki ya roho. Akasaidiwa pale, akapata kazi ya kufundisha Kiebrania. Sasa aliandika dhidi ya mwalimu wake. Hatutaki kuamua hapa nani alikuwa na haki katika kila neno. Kanisa lilichukua miaka mingi kuyapatanisha mambo hayo, na Flacius naye alikuwa na sababu zake za dhamiri. Twataja tu ya kuwa mwalimu apandaye hajui atakachovuna, naye hana ruhusa ya kuacha kupanda kwa sababu hiyo.

Melanchthon hakuacha. Siku za Jumapili aliwafasiria Injili ya siku kwa Kilatini vijana wa Hungaria na wa nchi nyingine, ambao hawakuweza kusikia mahubiri ya Kijerumani. Aliandika siku moja ya kuwa mezani pake zimesikika lugha 11. Aliwaandikia vijana maskini barua za kuwaombea kazi na msaada, hata hakuna awezaye kuzihesabu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1557, alipokuwa safarini kwa shughuli za Kanisa, mke wake alikufa, naye akaletewa habari na Camerarius, rafiki yake wa ujana. Akarudi kazini. Mwezi wa Aprili mwaka 1560 alishikwa na homa, lakini siku chache kabla ya kufa alikuwa bado akifundisha. Katika kipande cha karatasi aliandika sababu za kutoogopa kufa: upande mmoja, ataachana na dhambi na magomvi ya wanatheolojia, upande wa pili, atafika nuruni, atamwona Mungu na Mwanawe, na atajifunza siri alizoshindwa kuzielewa hapa duniani. Angalieni, ndugu: hata mbinguni alikutazamia kama mwanafunzi anavyolitazamia somo. Alikufa tarehe 19 Aprili mwaka 1560, mwenye miaka 63, akazikwa katika kanisa la ngome ya Wittenberg, karibu na kaburi la Luther.

Wamisioni wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walianza shule pamoja na mahubiri. Desturi hiyo ya kuiweka shule kando ya kanisa haikutungwa na wao. Waliirithi kwa watu kama Melanchthon, waliokataa kuamini ya kuwa Roho Mtakatifu anapendezwa na ujinga. Sisi nasi tumeirithi, na wengi wetu tusingeweza kusoma ukurasa huu bila desturi hiyo.

Basi wewe mwalimu unayeketi jioni na vijana, usiulize kwanza ni hila gani itawafanya wasome. Uliza kama wewe mwenyewe bado unajifunza, maana kijana huwashwa na moto, hawashwi na majivu. Uliza kama umemjua huyu mmoja aliye mbele yako, uwezo wake na hofu yake. Mpe kidogo akielewe, mpe la kutenda nalo, mpe heshima kabla hajaistahili, ukaangalie pia moyo wake nje ya daftari. Na usiku ukiingia ukakuta vijana 4 tu, washa taa, fungua kitabu, uanze.